UZI: Vyuo vya Marekani 1900–1926: masharti ya kujiunga yalikuwa makali kitabuni. Mlangoni je?

#1 Kitabu Wazi

Wakuu, salaam.

Kila mjadala wa viwango vya elimu ukipamba moto hapa jukwaani, lazima mtu alete mfano wa vyuo vya Marekani vya mwanzo wa karne ya 20: kijana wa miaka 18 anafasiri Virgil, mshairi wa Kilatini, anasoma Kigiriki, ndipo anafunguliwa mlango. Mfano huo ni kweli nusu. Nusu ya pili huwa haisemwi, na ndiyo inayomfaa mtu anayeshughulika na udahili.

Naweka msimamo wangu mapema ili anayepinga ajue pa kushika. Sifa zilizochapishwa kwenye kitabu cha chuo ni jambo moja, watu walioingia kweli ni jambo la pili, na bidii ya masomo baada ya kuingia ni la tatu. Katika kipindi hiki la kwanza lilinyooshwa haraka, la pili likachelewa, na la tatu halikusogea mpaka vyuo vilipolishika lenyewe.

Tuanze na kilichoandikwa. Mwaka 1900 nchi nzima ilikuwa na wanafunzi wa vyuo wapatao 238,000, kama watu 2 kati ya 100 wa rika la miaka 18 hadi 24. Kwa shahada ya sanaa katika vyuo vikongwe vya mashariki, mtahiniwa wa Kilatini alitakiwa awe amemaliza vitabu 4 vya Caesar kuhusu vita vya Gallia, hotuba kadhaa za Cicero na vitabu 6 vya mwanzo vya Aeneid, utenzi wa huyo Virgil. Juu ya hapo alipewa kifungu ambacho hajawahi kukiona akifasiri papo hapo. Kigiriki kilipokuwa cha lazima, kipimo kilikuwa vitabu 4 vya Anabasis ya Xenophon na 3 vya Iliad. Hisabati ilikuwa aljebra mpaka milinganyo ya kipeo cha pili pamoja na jiometri bapa. Kiingereza kilikuwa na orodha ya vitabu teule, Macbeth kikiwamo. Halafu historia, Kifaransa au Kijerumani, na mahali pengine sayansi moja.

Mtihani ulifanywa Juni, na nafasi ya pili Septemba kabla muhula haujafunguliwa. Vyuo vingi viliruhusu kugawa: masomo kadhaa unayamaliza mwaka mmoja kabla ya kuhitimu sekondari, yaliyobaki unayafanya mwishoni.

Sasa mlangoni. Mwaka 1907 zaidi ya nusu ya walioanza Harvard, Yale, Princeton na Columbia hawakuwa wametimiza masharti ya vyuo hivyo. Waliingia na deni: umefeli Kilatini cha juu na jiometri, unapokelewa, lakini masomo hayo mawili yanaandikwa jina lako mpaka uyalipe. Hivyo ndivyo vilikuwa vyuo vinne vinavyotajwa kila siku kama mfano wa ukali.

#2 Kidato cha Sita

Mkuu asante kwa uzi. Hilo deni lililipwaje? Ni kama keri ya vyuo vyetu, somo ulilofeli unalolibeba mbele, au ni kitu kingine?

#3 Kitabu Wazi

Linafanana, ila keri unaipata ukiwa ndani, hili unaingia nalo. Njia ya kawaida ilikuwa kurudia mtihani wa kuingia katika somo lile Septemba au mwaka unaofuata. Kwenye baadhi ya vyuo, kufaulu somo la juu zaidi la fani ileile kulifuta deni. Usipolipa ulizuiwa kupanda mwaka, na mwisho wake shahada.

Ubaya wake uko kwenye ratiba. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anakaa darasa la Kilatini cha chuo huku usiku anajifunza Kilatini cha sekondari alichofeli. Anakosa vyote viwili. Hapo ndipo walimu wa tuisheni walipojaa. Pale Harvard aliyevuma zaidi ni William Nolen, wanafunzi wakimwita "the Widow", yaani Mjane. Biashara yake ilikuwa kukusanya notisi za mihadhara, kuzifupisha na kumkaririsha mtu siku chache kabla ya mtihani. Madesa hayakuanza na mashine ya fotokopi.

Vyuo vilikubali madeni kwa sababu viliishi kwa ada. Sekondari za umma zilikuwa zinakua kwa kasi: wanafunzi karibu 203,000 mwaka 1890, karibu 519,000 mwaka 1900, zaidi ya 900,000 mwaka 1910. Nyingi hazikuwa na mwalimu wa Kigiriki kabisa. Chuo kikishika sharti kwa ukamilifu, kinawakosa vijana hao na kubaki na wa shule chache za kulipia. Kikifuta sharti, wahitimu wake wanapiga kelele kwamba kimeshusha kiwango. Deni lilikiwezesha kuacha sharti kitabuni na bado kujaza madarasa.

#4 Bi Mkaguzi

Naongezea upande ambao wengi wanauruka. Kuanzia Ohio kwenda magharibi, watu wengi hawakuingia chuo kwa mtihani. Waliingia kwa cheti cha shule.

Mfumo huo ulianza Chuo Kikuu cha Michigan mwaka 1871. Shule inaomba kukaguliwa, maprofesa wanafunga safari, wanakaa nyuma ya darasa, wanawauliza wanafunzi, wanaangalia mtaala na vifaa. Wakiridhika, mhitimu yeyote anayependekezwa na mkuu wa shule hiyo anapokelewa bila mtihani. Vyuo vikuu vingine vya majimbo vikaiga. Mwaka 1902 hata vyuo vya New England, majimbo ya kaskazini-mashariki, viliunda bodi ya pamoja ya kupokea vyeti.

Faida yake ni kubwa kuliko inavyosemwa. Mtihani unampima mtoto na kumwacha mwalimu wake kama alivyo. Ukaguzi ulimfikia mwalimu. Mji uliotaka shule yake ikubaliwe ulilazimika kuajiri mwenye shahada, kujenga maabara na kununua vitabu. Kaskazini ya kati kulikuwa na jumuiya ya vyuo na sekondari, North Central Association, iliyoanzishwa 1895. Mwanzoni mwa karne ikatunga vigezo vyake vya ithibati: yuniti 15 za kuhitimu, walimu wenye shahada ya chuo, na mwalimu asifundishe zaidi ya vipindi 5 kwa siku. Hilo la vipindi 5 nalithamini sana. Ukimpa mwalimu vipindi 8 huwezi kumdai usahihishaji wa insha.

Mfumo uliharibika sehemu tatu. Ziara yenyewe ilikuwa siku moja au mbili, na shule hujua mgeni anakuja. Mwalimu bora akihama mwezi unaofuata, cheti kinaendelea kutolewa kwa jina la kazi yake. Na mkuu wa shule ana jirani, mchungaji na mjumbe wa bodi, kila mmoja ana mtoto; kusema "huyu simpendekezi" ni kazi nzito. Dawa iliyotumika ilikuwa kufuatilia matokeo ya mwaka wa kwanza chuoni. Shule ambayo vijana wake wanafeli mfululizo inapoteza haki ya cheti. Palipokuwa na ufuatiliaji huo, cheti kilikuwa na maana.

#5 Mpimaji

Bi Mkaguzi umesema vema, lakini naomba nitetee mtihani kidogo, maana mtihani nao ulifanyiwa matengenezo makubwa.

Kabla ya 1900 kila chuo kilitunga chake. Mkuu wa sekondari mwenye vijana wanaokwenda vyuo vitano alifundisha mihtasari mitano: huyu vitabu hivi vya Caesar, yule vile, huyu historia ya Ugiriki na Roma, yule ya Marekani. Mwaka 1900 vyuo kadhaa vya mashariki vikaunda bodi ya pamoja ya mitihani, College Entrance Examination Board. Msukumo mkubwa ulitoka kwa Nicholas Murray Butler wa Columbia pamoja na Charles Eliot, rais wa Harvard.

Mtihani wa kwanza ulikuwa Juni 1901. Watahiniwa 973, vituo 67 ndani ya Marekani na 2 Ulaya, masomo 9: Kiingereza, Kilatini, Kigiriki, Kifaransa, Kijerumani, historia, hisabati, fizikia na kemia. Maswali yote ya kujieleza kwa maandishi. Wasahihishaji walikutana Columbia, wakatumia madaraja matano: 90 hadi 100 bora sana, 75 hadi 89 nzuri, 60 hadi 74 ya mashaka, 40 hadi 59 dhaifu, chini ya 40 dhaifu mno.

Hapa pana jambo la msingi. Bodi haikutangaza nani amefaulu. Ilitoa alama tu. Kila chuo kiliamua chenyewe kama 60 inatosha au 50 inatosha au mtu aingie na deni. Kwa hiyo mtihani ukawa mmoja na mlango ukabaki wa kila mwenye nyumba. Ndiyo maana vyuo vilikubali kujiunga bila kuhisi vimenyang'anywa mamlaka, ingawa vikubwa vilivuta miguu: Harvard ilijiunga 1904, Yale 1909, Princeton 1910.

#6 Kidato cha Sita

Na usahihishaji wenyewe uliaminika? Insha ya Kiingereza ikisahihishwa na watu wawili hapa kwetu tofauti ya alama 15 ni kawaida.

#7 Mpimaji

Kijana umegusa donda. Mwaka 1912 Daniel Starch na Edward Elliott wa Wisconsin walichapisha jaribio ambalo mtu yeyote anayesahihisha anapaswa kulijua. Walichukua karatasi mbili halisi za wanafunzi za mtihani wa Kiingereza, wakatengeneza nakala, wakazituma sekondari 200 wakiomba mwalimu wa Kiingereza azisahihishe kwa kipimo cha shule yake. Majibu 142 yalifaa kutumika. Karatasi ya kwanza ilipata alama kuanzia 64 mpaka 98. Ya pili kuanzia 50 mpaka 97. Kufaulu ilikuwa 75. Karatasi ileile kwa mwalimu mmoja ni mwanafunzi wa kupewa tuzo, kwa mwingine amefeli.

Watu wakasema hiyo ni lugha, ina ladha ya mtu. Mwaka uliofuata wakarudia kwa jiometri. Tofauti ikawa kubwa zaidi: wapo waliotoa chini ya 30, wapo waliotoa zaidi ya 90. Chanzo kilikuwa hiki: mwalimu mmoja anatazama jibu la mwisho, mwingine anatoa alama kwa kila hatua ya uthibitisho, wa tatu anakata kwa uchafu wa mchoro na tahajia. Hakuna aliyeonewa na mtu mwenye chuki. Mwongozo wa kusahihisha haukuwapo, basi.

Ndani ya vyuo hali ilikuwa hiyohiyo. Max Meyer wa Chuo Kikuu cha Missouri alikusanya matokeo ya miaka kadhaa ya chuo chake akayachapisha 1908. Somo la falsafa lilitoa A kwa wanafunzi 55 katika kila 100. Somo moja la kemia lilitoa A kwa 1 katika 100. Missouri ikaja na utaratibu wa kugawa kwa mafungu: 3 juu kabisa, 22 wanaofuata, 50 wa kati, 22 chini yao, 3 wa mwisho. Huo nao una kasoro yake: darasa la watu 12 waliochujwa vikali ukiligawa hivyo unamfelisha mtu anayejua. Unafaa madarasa makubwa tu.

Hata herufi zenyewe zilikuwa changa. Mount Holyoke mwaka 1897 ilianza A kwenye 95, na chini ya 75 ni kufeli. Ukiona mhitimu wa chuo kimoja ana B na wa kingine ana 82, usikimbilie kuwalinganisha.

#8 Hesabu za Shule

Naomba nafasi nieleze yuniti, maana imetajwa na haijafunguliwa. Ndiyo iliyobadilisha kila kitu, na ilikuja kwa mlango wa pensheni.

Mwaka 1905 Andrew Carnegie, tajiri wa chuma, alitoa dola milioni 10 kulipa pensheni za maprofesa. Taasisi iliyosimamia fedha hizo, chini ya Henry Pritchett, ilikutana na swali la kwanza la mhasibu yeyote: chuo ni nini? Mamia ya shule zilijiita vyuo, nyingine zikiwa na watoto wa sekondari wengi kuliko wanafunzi wa chuo. Ikaweka masharti: maprofesa wasiopungua 6 wa muda wote, miaka 4 ya masomo, mtaji usiopungua dola 200,000, kutokuwa chini ya dhehebu, na wanaopokelewa wawe na sekondari kamili ya miaka 4. Sekondari kamili ilipimwa kwa yuniti 14.

Yuniti 1 ni somo moja kwa mwaka mmoja, lisilopungua saa 120 za dakika 60. Fanya hesabu: wiki 36, vipindi 5 kwa wiki, dakika 40 kila kipindi. Vipindi 180, dakika 7,200, saa 120 kamili. Shule ya wiki 40 yenye vipindi 4 vya dakika 45 inafika palepale. Kwa hiyo kipimo kilitengenezwa kitoshee shule za kawaida bila kuzibomoa. Maabara ilihesabiwa nusu: saa mbili za vifaa sawa na saa moja ya darasa.

Chukua mtahiniwa. Kiingereza yuniti 3, Kilatini 4, aljebra mpaka kipeo cha pili 1.5, jiometri bapa 1, Kijerumani 2, historia 1, fizikia 1. Jumla 13.5. Amepungukiwa nusu. Akiongeza jiometri ya maumbo mango, 0.5, anafika 14. Nusu yuniti hiyo ndiyo iliyowachelewesha wengi, kwa sababu shule ndogo haikuwa na mwalimu wa kuifundisha kwa wanafunzi watatu.

Chuo kilichotaka profesa wake wazee wapate pensheni kililazimika kuzingatia. Vingine vilikata uhusiano na madhehebu yaliyovianzisha. Bowdoin ni mfano mmoja. Vingine vilifunga au kutenga idara zao za maandalizi. Mwaka 1908 Carnegie akaongeza dola milioni 5 ili vyuo vikuu vya majimbo navyo viingie. Ndani ya miaka michache kipimo kikasambaa hata kwa vyuo visivyopata senti ya Carnegie, kwa sababu sekondari zilishaanza kuhesabu hivyo.

#9 Kitabu Wazi

Mkuu Hesabu umeeleza vizuri mno, lakini hapo ndipo ninapokamatia hoja yangu. Saa 120 zinapima kiti. Kijana amekaa darasani saa 120. Amejua nini haionekani. Pritchett na wenzake walitaka kujua shule imetoa muda wa kutosha, na kwa lengo hilo kipimo kilikuwa sahihi. Ukikitumia kupima usomi wa mtu kinakudanganya.

#10 Hesabu za Shule

Nakubali sehemu. Ila kabla ya yuniti, "miaka 2 ya Kijerumani" ingeweza kuwa vipindi viwili kwa wiki vya nusu saa. Huwezi kuzungumzia ubora wa kitu ambacho hata wingi wake hukijui. Saa zilikuwa sakafu.

#11 Msuli

Wote mmekaa mlangoni. Tuingie ndani.

Harvard ya Eliot ilikuwa na uhuru mkubwa wa kuchagua masomo. Ukishaingia, karibu kila kitu hiari. Uchunguzi wa darasa la 1898 ulionyesha zaidi ya nusu ya wanafunzi walichagua karibu masomo ya utangulizi matupu, hili mpaka lile, bila kuchimba fani yoyote. Mwaka 1903 kamati ya chuo hichohicho ikatoa ripoti kwamba muda wa kujisomea nje ya darasa ni mdogo kwa kiasi cha aibu, na uko chini sana ya walivyodhani maprofesa. Wakati huo C iliitwa alama ya muungwana. Kupata A kulimfanya kijana wa familia kubwa aonekane mtu wa kubukua tu asiye na marafiki.

Sasa weka pamoja. Kijana anaingia kwa Virgil na aljebra, anakaa miaka minne juu ya masomo mepesi na tuisheni ya Nolen. Mlango mkali haukumpa bidii.

Abbott Lawrence Lowell alipochukua urais mwaka 1909 alianza hapo. Kwa darasa lililoingia mwaka 1910 kila mwanafunzi alitakiwa kuwa na masomo yasiyopungua 6 katika fani moja na 6 mengine yaliyosambazwa kwenye fani tofauti. Baadaye idara ya historia, utawala na uchumi ikaleta mtihani wa jumla wa fani nzima mwishoni, na wakufunzi wa kukutana na mwanafunzi mmoja mmoja. Mtihani wa jumla ndio uliokata mizizi ya madesa, kwa sababu huwezi kununua muhtasari wa miaka mitatu usiku wa mwisho. Princeton ilitangulia kwa njia nyingine: mwaka 1905 Woodrow Wilson, kabla hajawa mwanasiasa, aliajiri kwa mkupuo walimu wapatao 50 wa kuongoza vikundi vidogo vya usomaji. Reed College ya Portland ilipofungua madarasa 1911 ilidai tasnifu na mtihani wa mdomo kwa kila mhitimu, na ikawa haiwatangazii wanafunzi alama zao ili wasome bila kuwinda herufi. Swarthmore ikaanzisha programu ya heshima mwaka 1922 chini ya Frank Aydelotte, aliyekuwa amesoma Oxford kwa ufadhili wa Rhodes.

Na utafiti upo. Edward Thorndike, mwanasaikolojia wa Columbia, mwaka 1906 alilinganisha alama za kuingia Columbia na maendeleo ya wanafunzi haohao chuoni. Uhusiano ulikuwa dhaifu. Baadhi ya waliopita kwa shida mlangoni walikuja kuwa juu, na kinyume chake. Lowell mwenyewe mwaka 1911 alichunguza wahitimu wa Harvard waliokwenda shule za sheria na udaktari. Aliyefanya vizuri chuoni alifanya vizuri huko, na fani aliyosoma haikubadilisha sana. Kwa maneno mengine, Kigiriki hakikuwa na uchawi. Kazi ndiyo ilikuwa na matokeo.

#12 Bi Mkaguzi

Msuli hapo kwenye Thorndike usiishie njiani. Alichopendekeza ni kutazama rekodi ya shule ya muda mrefu badala ya wiki moja ya Juni. Harvard ilifanya hivyo mwaka 1911: mtahiniwa analeta rekodi ya sekondari inayokubalika, kisha anafanya mitihani 4 tu kwa mkupuo mmoja. Ama unapokelewa moja kwa moja ama unakataliwa. Hakuna deni. Lengo lilikuwa kuwafikia vijana wa sekondari za umma za mbali ambao shule zao hazikujengwa kwa ajili ya mitihani ya Harvard. Vyuo vinne vya wanawake, Mount Holyoke, Smith, Vassar na Wellesley, viliacha vyeti mwaka 1919 na kuchukua mpango wa aina hiyo. Bryn Mawr, chuo kingine cha wanawake, haikuwahi kuhitaji kubadilika, kwa sababu chini ya Carey Thomas ilidai mtihani toka mwanzo.

Huo mpango wa 1911 ndio ninaoona bora kuliko yote iliyotajwa kwenye uzi huu.

#13 Nyasa

Wakuu mnaongelea Harvard kana kwamba ndiyo Marekani yote. Weka mizani kwa watu weusi wa Kusini.

W.E.B. Du Bois, msomi mweusi wa Marekani, mwaka 1900 alilinganisha masharti ya vyuo vya watu weusi na ya vyuo vidogo vya New England. Howard ilikuwa nyuma nusu mwaka mpaka mwaka mmoja. Fisk na Atlanta mwaka mmoja mpaka miwili. Msomaji mvivu anasema "viwango vya chini". Sababu yake ilikuwa sekondari. Kaunti ya Richmond, Georgia, ilifunga sekondari ya watoto weusi, Ware High School, mwaka 1897 huku ikiendelea kugharimia ya wazungu, na mwaka 1899 Mahakama Kuu ya Marekani ikakataa kuingilia. Chuo cha Atlanta kingepata wapi yuniti 14 kwa mtoto ambaye hana sekondari ya kwenda? Ndiyo maana vyuo hivyo vilibaki na idara za maandalizi muda mrefu. Zilikuwa sekondari pekee iliyokuwapo.

Mwaka 1917 Thomas Jesse Jones akatoa ripoti ya elimu ya watu weusi iliyosema ni Howard na Fisk tu zenye hadhi ya kuitwa vyuo kwa wanafunzi, walimu, vifaa na mapato. Jones huyohuyo aliongoza tume ya Phelps-Stokes, mfuko wa hisani wa Marekani, iliyopita Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar mwaka 1924 pamoja na James Aggrey, ikisisitiza kilimo, afya na ufundi. Mipaka aliyowawekea watu weusi wa Georgia alikuja nayo mpaka pwani yetu. Anayesoma historia ya elimu Afrika Mashariki asianzie hapa nyumbani. Aanzie kwenye ripoti ile ya 1917.

#14 Kidato cha Sita

Mwalimu Nyasa nimekusoma. Na ufadhili je? Maskini aliingiaje?

#15 Kitabu Wazi

Ada ya Harvard ilikaa dola 150 kwa mwaka tangu 1869 mpaka miaka ya vita vya kwanza, kwa hiyo ada haikuwa kikwazo peke yake. Chumba na chakula vilizidi. Ufadhili ulitolewa kwa wahitaji kwa kufuata nafasi yao darasani, ikimaanisha mwaka wa kwanza, ambapo huna nafasi bado, ndio mgumu zaidi. Mfuko wa Price Greenleaf uliwekwa kuwasaidia hao wa mwaka wa kwanza. Kasoro iko wazi: mwenye shida anafanya kazi ya mezani na ya kufundisha wenzake ili ale, kisha anashindanishwa alama na asiyefanya kazi. Akishuka, ufadhili unakatika.

#16 Mpimaji

Namalizia upande wa mlango, kwa sababu baada ya 1918 mambo yalibadilika kabisa. Mpaka hapo aliyefaulu alipokelewa, viti vilikuwepo. Baada ya vita waombaji wakazidi viti, na ndipo chuo kikaanza kuchagua kati ya waliofaulu.

Columbia mwaka 1919 ilianza kutumia kipimo cha akili cha Thorndike na fomu iliyouliza dini, kazi ya baba na kutaka picha. Watoto wa wahamiaji wa Kiyahudi, waliokuwa wakifaulu vizuri sana mitihani ileile iliyosifiwa kwa haki yake, walipungua pale kutoka karibu 40 katika 100 hadi karibu 22 ndani ya miaka michache. Mwaka 1922 Lowell, huyu tuliyemsifu kwa kufufua usomi, alitaka waziwazi kuweka ukomo wa Wayahudi Harvard. Walimu wakakataa ukomo wa wazi, lakini "tabia" na picha vikafanya kazi hiyo kimyakimya. Huo ni uonevu, na ulifanywa na watu walioijua vizuri thamani ya alama.

Tarehe 23 Juni 1926 watahiniwa 8,040 wakafanya kipimo kipya cha Bodi kilichoongozwa na Carl Brigham wa Princeton: maswali mafupi ya kuchagua na kujaza, kwa kasi, mengi kuliko mtu wa kawaida angeweza kumaliza. Kilitatua tatizo la Starch na Elliott, maana karatasi moja haiwezi tena kupata 50 na 97.

#17 Msuli

Mpimaji, kimetatua usahihishaji. Swali la nani anasoma kwa bidii baada ya kuingia limebaki palepale.

#18 Hesabu za Shule

Kwa wanaotaka kuchimba wenyewe: vitabu vya mwaka vya vyuo hivi vya kipindi hicho vimewekwa mtandaoni vingi. Usisome ukurasa wa masharti peke yake. Tafuta ripoti ya mwaka ya rais wa chuo uone wangapi waliingia na madeni na katika masomo gani. Kisha hesabu majina ya wanafunzi wa idara ya maandalizi dhidi ya wa chuo chenyewe. Kwenye vyuo vidogo kabla ya 1906 mara nyingi wa maandalizi ndio wengi. Angalia pia kama kuna "wanafunzi maalumu", wale waliohudhuria bila kutafuta shahada, kwa sababu wengi wao hawakupimwa kwa masharti yale kabisa na bado wamo kwenye jumla ya chuo.

#19 Bi Mkaguzi

Na ukikuta orodha ya shule zenye cheti, linganisha ya mwaka huo na ya miaka mitatu baadaye. Shule zilizoondolewa ndizo zitakazokuambia kama chuo kilikuwa kinafuatilia matokeo au kilikuwa kinagawa vyeti tu.